Tundu la Jiko

2 Machi

Nimeanza daftari hili kwa sababu moja tu: nataka ushahidi wa tarehe. Mume wangu hukata mawe ya kaunta za jikoni. Mwaka wa kumi na moja huu ananiahidi kaunta, na kila nikimuuliza jibu ni "wiki ijayo." Jiko langu dogo la gesi hukaa juu ya mlango wa zamani uliolazwa kwenye makreti, na tundu la kitasa bado lipo, vijiko vilivyotumbukia humo havina idadi. Yeye huku anafunga kaunta za majumba ya watu, zinang'aa mpaka mtu akikata kitunguu anajiona analia. Safari hii nitaandika kila anachosema na siku aliyokisema, tuone atachomokea wapi.

Leo alinipeleka karakana. Jiwe lipo kweli, limeegemezwa ukutani, la kijivu lenye chembe nyeupe kama chumvi iliyomwagika. Nililipapasa kama mwendawazimu. Mwenzake wa kazi, yule tunayemwita Msumeno kwa sababu mashine zimemla masikio na huongea kwa kelele, akacheka.

"Shemeji, hilo halikimbii!"

"Mteja," mume wangu akasema. Ndivyo anavyoniita, kwa kuwa hakuna mteja wake aliyengoja kama mimi. "Jiwe ndilo hilo. Sasa niambie, jiko la gesi au la kioo?"

La kioo ni lile la umeme lisilo na moto, linapasha sufuria kwa sumaku. Nikamwambia achonge tundu, jiko nitachagua baadaye. Akatikisa kichwa. Matundu hayalingani, la kioo huenda nyuma zaidi kwa sentimita moja. "Na mimi nikishakata, nimekata."

Mimi nashona mapazia. Nikikosea kipimo, pindo linanisitiri. Yeye hana pindo. Nimeomba siku chache nifikirie.

3 Machi

Binti yetu amepiga simu kutoka huko anakofanya kazi. Nilipotaja gesi alinijia juu. "Mama, gesi ni bomu la ndani! Chukua la kioo, unafuta kwa kitambaa, basi." Nikamuuliza umeme ukikatika kwenye mvua hizi tutakula nini. Akasema mkate. Huyo hajui njaa ya baba yake.

5 Machi

Tulikwenda dukani wawili, mimi na fundi wangu. Muuzaji alitandika gazeti juu ya jiko la kioo, akaweka sufuria ya maji juu ya gazeti, akawasha. Maji yakachemka na gazeti likabaki gazeti. Fundi alifurahi kama yuko kwenye mazingaombwe. Mimi nilisimama upande wa gesi na kuzungusha vitufe. Moto nauona kwa macho, najua huu mdogo, huu mkubwa, huu utaniunguzia. Kile kioo kinanyamaza tu.

Muuzaji akamwambia fundi, "Mzee, hicho kikohozi unakitibu?" Fundi akajibu ni vumbi la gazeti. Tukacheka.

7 Machi

Kaazima sumaku karakana, amezunguka jikoni akipima sufuria zangu, maana la kioo halipashi kitu kisichoshika sumaku. Anaibandika kwenye sufuria, inadondoka, anatangaza kama karani wa mahakama: "Imekataa." Nyingine: "Imekataa." Zile tano za alumini alizoniachia marehemu mama mkwe, zote zimekataa. Iliyokubali ni kikaango kimoja na ndoo ya kufulia.

"Basi tutakuwa tunapika kwenye ndoo," akasema.

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Yeye alikaa chini kwanza, akahema, ndipo akacheka.

9 Machi

Mvua. Fundi amechelewa kurudi. Kaja na mkate umelowa, hakula.

12 Machi

Mvua. Nimeshona mapazia ya ofisi, vipande kumi na nane, rangi ya matope. Nguo hazikauki.

16 Machi

Nimeamua: gesi. Nimemwambia wakati anafunga viatu. Nimetoa sababu zangu zote, umeme, sufuria za mama yake, macho yangu yaliyozoea moto. Nilijiandaa kwa ubishi, kwa sababu yeye na muuzaji wa duka walikuwa wameshakuwa marafiki. Hakubisha.

"Nilijua," akasema, na akaendelea na viatu. Aliinama muda mrefu. Niliposogea nikaona hafungi kitu, anatafuta pumzi.

Nimemwambia aende hospitali. "Wiki ijayo." Nimeandika.

21 Machi

Leo sikungoja wiki ijayo. Alirudi kutoka karakana saa tisa mchana, akapanda zile ngazi nane za mlangoni, na kwenye ya tano akakaa. Nilimwona kupitia dirishani nikadhani anafungua buti. Mvua ilikuwa inamnyeshea na hakuinuka. Nilitoka na mkanda wangu wa kupimia bado shingoni. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jiwe lake. Kumwita mwenye gari jirani, kumpakia, kufika, sikumbuki kwa utaratibu. Nakumbuka nilikuwa namsema njia nzima. Ninapoogopa huwa nagomba, na yeye anajua, kwa hiyo alikuwa ananipigapiga mkono kama mimi ndiye mgonjwa.

Wamemlaza. Wamempa oksijeni, rangi imerudi. Mimi nimerudi nyumbani kuchukua nguo zake na nimekuta unga wa mawe kwenye mifuko ya suruali zote, hata ile ya sherehe. Miaka yote hii nimekuwa nikikung'uta unga huo uani na kulalamikia sabuni. Sikuwahi kufikiria kwamba alichokuwa anakileta kwenye mifuko alikuwa anakileta pia kifuani. Nimekaa sakafuni nimelia.

24 Machi

Daktari amenieleza kwa upole. Vumbi limeganda mapafuni, mapafu yamekuwa magumu. Halitoki. Atahitaji oksijeni nyumbani, ipo mashine ya umeme inayoitengeneza, hospitali itatuazima.

"Kama tulivyomweleza alipokuja mwanzoni mwa mwezi," akaongeza.

Mimi sikuwa na habari. Nilipomuuliza fundi mwenyewe, akasema, "Waliniambia nipunguze vumbi." Nilitaka kumrukia, lakini mtu aliyefungwa mipira puani humrukii.

Nesi naye akauliza, "Nyumbani mnapikia nini?"

"Gesi."

"Chumba kimoja na anapolala?"

Sebule yetu na jiko ni chumba kimoja, na kitanda chake kitakaa hapo kwa sababu ya soketi. Nesi akaweka kalamu chini. Moto wa wazi na oksijeni havikai pamoja, akasema. Ama gesi itoke, ama mashine isije.

Nilimuuliza daktari mashine itahitajika kwa muda gani. Akasema tutaona. Mimi nimesikia miaka. Nimeamua kusikia miaka.

26 Machi

Nimenunua jiko la kioo. Nimeuza mtungi na jiko la zamani kwa jirani, nimenunua sufuria tatu zinazoshika sumaku. Za mama mkwe nimezifunga kwenye gunia.

Nikamwambia fundi kitandani kwake hospitali, "Nimebadili. Kioo."

"Lakini wewe unataka gesi."

"Nakutaka wewe nyumbani. Kata tundu la kioo, au mwambie Msumeno akate."

"Jiwe lako nakata mwenyewe."

"Daktari amekukataza."

"Nakata kwa maji. Vumbi halitaruka." Akageukia dirisha. "Nimekusikia, mteja. Kioo."

30 Machi

Ametoka hospitali jana, mashine itakuja baada ya siku chache. Leo nimekwenda sokoni, na niliporudi nyumba tupu. Kaenda karakana kukata. Karudi amelowa hadi magotini, amechoka, uso umetulia kama wa mtu aliyelipwa. Sina nguvu ya kugomba. Nimempikia uji kwa jirani.

31 Machi

Naandika na hasira bado ninayo.

Asubuhi Msumeno na watu watatu walileta kaunta. Wameifunga, wameipima maji, imelala sawasawa. Nzuri. Mlango wa zamani umetupwa uani na mimi nikaupungia mkono. Fundi alikaa kwenye kiti akielekeza kwa kidole. Pia kaniletea kipande kilichotoka kwenye tundu. Ni desturi yao, mwenye jikoni hupewa kile kipande kiwe ubao wa kukandia unga, na yeye alikuwa amekilainisha kingo vizuri.

Kisha nikatoa jiko la kioo kwenye boksi, tukalishusha. Halikuingia.

Tukaligeuza. Halikuingia. Nikachukua mkanda wangu mwenyewe nikapima tundu: hamsini na sita kwa arobaini na nane. Kipimo cha gesi. Sentimita moja.

"Nimechanganya karatasi," fundi akasema. "Samahani."

Msumeno alimtazama, akatazama dari. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwa kipimo chake kwamba kuongeza sentimita ni kazi ya nusu saa, aje na mashine apanue. Kukata jiwe humu ndani, vumbi, na mgonjwa wa vumbi amekaa palepale! Nikamwambia asithubutu.

Wakaondoka. Na mimi maneno yakanitoka. Nilimwambia mume wangu kwamba kwa majumba ya watu hajawahi kukosea hata unywele. Kwa wake wa matajiri anapima mara tatu. Kwangu mimi, baada ya miaka kumi na moja, ndipo anachanganya karatasi. Nikasema, "Mimi nimekuwa wa mwisho kwako siku zote, na hata huo mwisho umeuharibu."

Hakujitetea. Alikaa akinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akasema tena, "Samahani, mteja."

Kile kipande nimekisukumia nyuma ya mlango, mgongo ukutani. Sitakandia unga juu ya kosa.

4 Aprili

Mashine imekuja. Inanguruma mchana kutwa. Mrija wake unafika kitandani na mpaka kwenye kaunta, dirishani haufiki.

5 Aprili

Jiko la kioo nimeliweka juu ya meza, chini yake vibao viwili lipate hewa. Linapika. Kwenye kaunta yangu mpya kuna tundu, nimelifunika kwa sinia.

8 Aprili

Mvua. Umeme umekatika mara tatu. Tumekula mkate, kama alivyotabiri binti.

11 Aprili

Namhudumia, namwogesha, nampa dawa kwa saa. Lakini nimekuwa mkavu. Najijua. Kila nikifunua sinia natafuta kitu ndani ya lile tundu na kuguna, asikie. Leo aliniuliza jiko linaendaje. Nikamjibu, "Lingeenda vizuri kama lingekuwa mahali pake." Akatabasamu, na lile tabasamu likaniudhi zaidi.

19 Aprili

Leo roho ilikuwa juu. Saa nne asubuhi radi ilipiga, umeme ukakatika mtaa mzima, mashine ikalia mlio mrefu na kunyamaza. Tuna mtungi mdogo wa oksijeni wa akiba. Nesi alinifundisha kuufungua, na nilidhani nimejifunza. Mikono ikakataa. Kitufe kiligoma, mimi nazungusha kushoto, kulia, na yeye macho yamemtoka, anataka kunielekeza na hana pumzi ya kuelekeza. Kisha akainua kidole, akakizungusha hewani polepole, vile alivyokuwa akiwaelekeza watu wa kaunta. Kushoto. Tena. Mtungi ukafunguka.

Nilikaa naye sakafuni saa tatu nzima, tukitazama mshale wa mtungi unavyoshuka. Aliporudisha nguvu kidogo alisema, "Ungekuwa na gesi sasa hivi tungekunywa chai."

"Ningekuwa na gesi sasa hivi tungelipuka."

Alicheka bila sauti. Nami nikacheka, na hapo hasira yangu, ile ya siku zote hizi, sikuiona tena ilipokwenda. Ni mtu mzima aliyechoka aliyechanganya karatasi mbili. Ndivyo nilivyojiambia. Nilitaka kumtamkia, lakini umeme ukarudi na mashine ikaanza kunguruma, nikainuka kumpikia.

27 Aprili

Hali chakula kigumu. Uji tu. La kioo linapika uji vizuri, lazima niseme kweli.

2 Mei

Mchana alikuwa ameamka vizuri, amekaa kwenye kaunta, anapitisha kiganja ukingoni. Akaniuliza, "Mteja, umeshanisamehe ile sentimita?"

Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano. Nikamjibu, "Nitakusamehe siku utakayoirekebisha."

Alipenda sana jibu hilo. Alilirudia mara mbili.

4 Mei

Hospitali tena. Binti yuko njiani.

6 Mei

Amefariki saa tano asubuhi. Mvua.

25 Mei

Watu wameondoka wote, binti ameondoka jana. Amenisihi nihamie kwake, nimesema tutaona. Neno la daktari hilo, na sasa najua maana yake.

28 Mei

Wamekuja kuchukua mashine. Niliichukia ile kelele tangu siku ya kwanza. Ilipozimwa nikawaomba waiwashe tena kidogo, wakaiwasha, wakasubiri wakiangalia chini. Kisha nikawaambia basi.

3 Juni

Nimeshona pazia moja. Nimekosea kipimo, nikafumua.

11 Juni

Msumeno amekuja. Ameleta mashine ya kupanulia tundu, na karatasi ya plastiki ya kuzibia vumbi. Mimi ndiye nilimwita. Nilikuwa nimewaza hivi: sasa hakuna mgonjwa wa vumbi humu, na mume wangu alinikubalia kioo, kwa hiyo kosa lake la mwisho lirekebishwe, nami niwe nimemsamehe kwa vitendo. Nililipanga vizuri kabisa kichwani.

"Shemeji, kile kipande cha tundu unacho?" akauliza kwa ile sauti yake. "Nataka kupima unene kabla sijaligusa jiwe."

Nikamwonyesha nyuma ya mlango. Akakivuta na kukigeuza, akakilaza juu ya kaunta uso chini. Akatoa miwani mfukoni, akavaa.

Mgongoni mwa jiwe kulikuwa na maandishi ya penseli, mwandiko wa mume wangu, herufi kubwa anazotumia kazini. Msumeno akanieleza wanavyofanya: siku ya kuchora tundu, kabla ya kukata, mchoraji huandika mgongoni jina la mteja, kipimo, tarehe na maelekezo, ili hata akikata mtu mwingine asikosee. Niliyasoma mwenyewe. Yalisema:

MTEJA WANGU. GESI. 56 × 48. AKISEMA KIOO KWA AJILI YANGU, USIMSIKILIZE. MIMI SIKAI SANA, YEYE ATAPIKA MIAKA. 9 MACHI.

"Hii kaniandikia mimi," Msumeno akasema. "Kama asingewahi kukata mwenyewe." Akavua miwani na kuifuta kwa shati, akaifuta tena.

Mimi nilikwenda kulichukua daftari hili. Tisa Machi. Nililianzisha ili nimkamate kwa tarehe, na nimekaa nalo mkononi nikisoma nilichoandika siku hiyo: mvua, kachelewa, mkate umelowa, hakula. Mstari mmoja. Siku ile alikuwa ametoka kuambiwa na daktari habari za mapafu na za oksijeni. Hakuja kwanza nyumbani, alikwenda karakana, akachora tundu langu. Mimi nilikuwa bado sijachagua jiko, na yeye alikuwa ameshajua nitachagua nini, na nitabadili kwa nini. Kisha akarudi na mkate. Na mimi nikaandika habari za mkate.

Alikubali niseme yote yale. Alikubali aitwe mzembe, yeye ambaye hakuwahi kuchanganya karatasi hata siku moja, kwa sababu kujitetea kungekuwa kuniambia kwamba anakufa, na mimi nilikuwa nimeamua kusikia miaka. Aliniuliza kama nimemsamehe, na nilikuwa na sindano mkononi, nikamfanyia mzaha. Neno lenyewe lilikuwa moja. Nilikuwa nalo tangu siku ya radi, sikulitamka.

Nililia mbele ya Msumeno bila aibu. Yeye alikaa kwenye kiti cha fundi akangoja. Mwishowe akauliza, kwa mara ya kwanza polepole, "Shemeji, nipanue?"

Nikamwambia afunge mashine yake.

14 Juni

La kioo nimempelekea binti. Nimefungua gunia la sufuria za mama mkwe, nimezisugua zote tano kwa mchanga uani. Mvua imekata, jua limetoka, zimekauka upesi.

15 Juni

Jiko la gesi limekuja asubuhi. Wafungaji walitaka kupima kwanza, nikawaambia lishusheni tu. Limeshuka lenyewe, kingo zote nne, bila kusukumwa. Walipoondoka nikawasha. Moto wa bluu, nauona. Nimechemsha maji, nimekanda unga juu ya kile kipande, maandishi chini, na nimesema kwa sauti, humu ndani nikiwa peke yangu, ili niandike nimelisema na tarehe niliyolisema: fundi, hukukosea.